Bi Msumari Hajamsamehe Mtu

Bi Msumari alikuwa na maadui wengi, na aliwatunza vizuri kuliko watu wengine wanavyotunza kuku. Kila adui alikuwa na zamu yake. Muuza mkaa alitukanwa asubuhi, kinyozi wa jirani alitukanwa mchana, na mvua ilitukanwa ikija na ikichelewa. Wifi yake peke yake, mke wa kaka yake, ndiye hakuwa na zamu. Huyo alichukiwa kutwa nzima, hata siku ambazo hakutajwa.

Jina la Msumari hakupewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa makochi, na mafundi wa zamani, kabla hazijaja mashine za kubonyeza pini, waliweka misumari midogo mdomoni, wakaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, mkono ukauchukua, nyundo ikamalizia. Wenzake waliacha mtindo huo walipoona meno yanalegea. Yeye hakuacha. Aliongea nayo mdomoni, alicheka nayo, na kuna wanaoapa kwamba alilala nayo. Ulimi wake ulizoea makali. Wazee wa mtaa ule wanasimulia kwamba siku moja alimfokea mbwa aliyelala juu ya sponji jipya, na mbwa yule akahama, akaja kuonekana ng'ambo ya mji akiwa na mvi.

Kwa sababu mikono yake haikukosa gundi, hakuwahi kuandika ujumbe kwenye simu. Alituma sauti tu, na sauti zake zilikuja na mlio wa chuma nyuma yake, kss, kss, kama mtu anayetafuna kokoto. Ukoo mzima ulizifungua simu zikiwa mbali na sikio.

Kisa chake na wifi kilikuwa kiti. Mama yao alikuwa na kiti cha kuegemea, ambacho ndicho kitu cha kwanza Bi Msumari aliwahi kukivisha kitambaa, akiwa msichana bado, misumari imekwenda upande kama meno ya mtoto. Mama alikikalia kiti hicho mpaka alipofia nyumbani kwa kaka. Watu wa msibani hawajatawanyika vizuri, Bi Msumari akamwendea wifi.

"Kiti cha mama kiko wapi?"

"Kile kibovu?" wifi akasema, hata hakugeuka. "Nilishawapa wazoa taka."

Basi. Kuanzia siku ile hawakusalimiana. Bi Msumari alirudi nyumbani akaifuta namba ya wifi kwenye simu, akaifuta kwa kidole gumba na kwa hasira, mpaka kioo kikapata ufa.

Sasa, siku moja akiwa kwenye karakana yake, amelipindua kochi la watu miguu juu, simu ikaita. Namba ngeni.

"Habari ya kazi, mama. Nazungumza na mwenye laini hii?"

"Umepiga wewe, unaniuliza mimi?"

"Samahani sana, mama yangu." Ilikuwa sauti ya kijana, laini, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. "Hapa ni huduma kwa wateja. Tumeona kuna mtu anajaribu kuihamisha laini yako aitumie yeye. Tumemzuia kwa muda tu. Je, kuna mtu unayemshuku?"

Bi Msumari alitema misumari yote kiganjani, jambo ambalo hata wakati wa kula alilifanya kwa kusitasita.

"Simshuku," akasema. "Namjua. Ni wifi yangu."

Kule upande wa pili pakawa kimya kidogo, kama mtu aliyepeleka mkono mfukoni kutafuta ufunguo, akakuta mlango uko wazi.

"Ni huyohuyo, mama. Jina tunaliona hapa."

"Mnaliona?"

"Tunaliona, ila sheria haituruhusu kulitaja. Tukisaidiana mimi na wewe, tunamfungia nje leo hii."

Hapo Bi Msumari akawa mtamu kama hajawahi kuwa. Aliambiwa apige picha ya kitambulisho chake, mbele na nyuma, akapiga. Aliulizwa jina la mama yake na tarehe aliyozaliwa, akasema. Aliambiwa kuna namba itaingia kwenye simu yake, aisome polepole. Akaisoma polepole, kisha akairudia, asije wifi akaponyoka kwa tarakimu moja. Alipomaliza akauliza, "Hakuna kingine? Niulizeni tena."

"Inatosha, mama. Laini itazimika siku kadhaa, usishtuke. Ndiyo tunamfungia."

Laini ikazimika kweli. Mwanamke huyu, ambaye angemshika koo muuza nyanya kwa nyanya moja iliyobonyea, alikuwa ameingia mkenge mzimamzima, na aliingia akiimba. Aliimba siku zile zote akigonga misumari. Waliopita nje ya karakana waliharakisha mwendo, maana hawakujua wimbo ule una maana gani.

Aliyemfumbua macho ni kinyozi. Alikuwa amenyoa kichwa cha mteja upande mmoja, akamwona Bi Msumari kwenye baraza, akatoka na mashine mkononi.

"Bi Msumari! Pole kwa kuumwa."

"Nani anaumwa?"

"Si wewe? Umeniandikia asubuhi. 'Habari za asubuhi, jirani yangu mpendwa.' Ukaweka na ua." Akamtazama kwa huruma. "Nikamwambia mke wangu, mama yule anaaga dunia."

"Mimi nikuandikie wewe? Ua?"

"Waridi. Jekundu."

Bi Msumari alimnyang'anya simu. Picha ilikuwa yake kweli, yeye na nyundo yake, amekunja uso. Chini ya uso ule kulikuwa na maneno ambayo asingeyasema hata angelipwa: mpendwa, tafadhali, nakuombea siku njema. Halafu: *Natengeneza kundi jipya la majirani. Itakuja namba kwenye simu yako, nitumie nikuingize.* Na chini kabisa: *Kuna tapeli anaiga sauti yangu na kupigia watu. Ni mkali na ana matusi. Mkimsikia, kateni simu.*

"Ukampa hiyo namba?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimpe namba mtu anayeishi ukuta kwa ukuta na mimi? Nikasema akiihitaji atagonga." Kinyozi akajikuna. "Kwani si wewe?"

"Kunirithi naona wameshanirithi, bado kunizika tu!" Bi Msumari akapiga nyundo kwenye nguzo ya baraza, chokaa ikamwagika. "Wamevaa sura yangu, mbwa hawa! Nipe simu nimpigie kaka."

Namba ya kaka ndiyo pekee aliyokuwa nayo kichwani. Kaka alikuwa dereva wa lori, yuko njiani, na alipokea huku injini ikinguruma.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Dada yako. Nisikilize vizuri..."

"Dada yangu yupi?"

"Unao wangapi, mjinga wewe?"

"Ahaa! Ndiye wewe!" Kaka akacheka kicheko cha ushindi. "Tumeshaonywa habari zako. Mkali, ana matusi. Umekuja kwa mtu aliyejiandaa."

"Niulize kitu! Niulize kitu anachokijua dada yako peke yake."

"Haya. Nilipokuwa mdogo, niliumia wapi?"

"Hukuumia popote. Ulipanda mti, ukaogopa kushuka, ukajikojolea huko juu, ukamwambia mama umevunjika mguu."

Injini ikanguruma peke yake kwa muda.

"Hata hilo mmelichimba!" kaka akapiga kelele. "Mmeingia mpaka kwenye siri za ukoo! Nyinyi si watu, nyinyi ni mchwa! Na nakwambia hivi: dada yangu siku hizi ni mpole, amemsamehe mke wangu baada ya uhasama wote ule. Mke wangu amelia kwa furaha. Leo watoto wakishalala tu anamtumia namba aingizwe kundi jipya la ukoo, tuwe kitu kimoja. Usituharibie, mwizi mkubwa wewe!"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, kaka alikuwa ameshaizuia namba ya kinyozi.

Bi Msumari alikaa juu ya miguu ya kochi lililopinduliwa. Watoto wakishalala. Wifi yule alikuwa mlezi wa watoto wadogo. Akina mama wa mitaa ile waliokwenda kazini walimwachia watoto wao alfajiri na kuwafuata jioni, na katikati ya hapo kilichowaunganisha ni ile simu ya wifi: leo amekula, leo ana homa kidogo, leo atakuja baba yake kumchukua. Mama akiona ujumbe umetoka kwa wifi, hakuuliza mara mbili. Sasa mtu asiyejulikana akikaa nyuma ya sura ya wifi, kama alivyokaa nyuma ya sura ya Bi Msumari, anaweza kuwaandikia akina mama wale chochote. Tuma pesa, mtoto amezidiwa. Au, leo atakuja mtu mwingine kumchukua.

Na aliyemfungulia mlango ni nani? Ni yeye, kwa mkono wake, akimkimbilia wifi na ufunguo wa kumfungia.

"Namba ya wifi yangu unayo?" akamuuliza kinyozi.

"Nitaitoa wapi mimi?"

Yeye alikuwa ameifuta. Ilibaki miguu. Akatumbukiza misumari mdomoni, maana bila misumari hakujiona amevaa, akashika nyundo, akaondoka. Mteja wa kinyozi, nusu kipara, alitoka nje na shuka lake shingoni kumtazama. Wanasema magari yalisimama yenyewe bila taa kuwaka nyekundu. Hilo mimi sikuliona, lakini nikilifikiria naona linawezekana.

Alifika geti la wifi jasho linamtiririka. Akainua nyundo agonge, geti likafunguka kabla nyundo haijashuka. Wifi alisimama pale, simu mkononi, kidole kingine mdomoni.

"Shh! Watoto wamelala."

Nyuma yake, sebuleni, watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka, mmoja amemkumbatia mwingine shingo, mmoja na kiatu kimoja mguuni. Chumba kizima kilipumua kwa pamoja.

"Usitume..." Bi Msumari alianza.

"Shh!"

Bi Msumari hakuwahi kunong'ona tangu azaliwe. Alijaribu, na sauti ikatoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Usitume hiyo namba."

Badala ya kumjibu, wifi alimtanulia mikono. "Wifi yangu kipenzi! Nilijua utakuja mwenyewe."

"Usinikumbatie. Nina nyundo."

"Kwani vipi?"

"Umeituma?"

"Ndiyo nataka kuituma sasa hivi, kama ulivyoniambia."

"Sikukuambia. Nani aliwahi kuniona naandika?"

"Umeniandikia kila siku! Umeniandikia umenisamehe!"

"Sijakusamehe!"

Lilitoka kwa nguvu kidogo. Mtoto mmoja akageuka, akanung'unika, akanyoosha mkono hewani. Wanawake wale wawili wakaganda palepale, mmoja na nyundo juu, mwingine na simu juu, mpaka mkono ule ukashuka wenyewe.

Wifi alipozungumza tena, uso wake ulikuwa umekwisha kunjika.

"Sasa nimekuelewa," akanong'ona. "Ulinisamehe, ukaona raha, halafu ukaona haya. Ukaona hapana, mimi Bi Msumari nitaonekanaje mtaani. Ukafunga safari mpaka kwangu kuja kuufuta msamaha. Una roho ya kutu wewe."

"Na wewe una kichwa cha sponji! Umetapeliwa!"

"Aliyetapeliwa ni mimi niliyeamini una moyo."

"Ni mwizi, wifi. Ameniibia laini na sura. Akipata namba hiyo anakuwa wewe. Anakuwa wewe mbele ya akina mama wa hawa." Akanyoosha nyundo kuelekea mikekani.

"Shusha nyundo. Na usiwataje watoto wangu kwa mdomo wako huo." Wifi akaileta simu karibu na macho. "Wa kwenye simu ananiita mpendwa. Wa mlangoni kaja na nyundo. Mimi namtumia wa kwenye simu, tuone utanifanya nini."

Akarudi sebuleni akaivuka mikeka huku kidole kikibonyeza, Bi Msumari akamfuata mpaka kizingitini. Bi Msumari akaona hawezi kupiga kelele, atawaamsha. Hawezi kuirukia simu, kati yao alilala yule mwenye kiatu kimoja. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na hasira yote aliyoihitaji na hakuwa na pa kuitupia. Ikabaki kusema tu kile kilichokuwa kinamkwaruza siku zote.

"Tuma basi! Tuma! Kama ulivyokitupa kiti cha mama yangu, watupe na hawa!"

Kidole kikasimama.

"Kiti?" wifi akasema.

"Kiti! Ulichowapa wazoa taka!"

"Lakini kiti si nilikwambia?"

"Umeniambia nini?"

"Juzi. Ulipoandika umenisamehe, nikaona aibu, nikakuandikia ukweli. Sikukitupa. Kipo stoo, kimefunikwa shuka. Nikakutumia na picha."

Midomo ya Bi Msumari ikaachana, na misumari yote ikamwagika sakafuni.

Ilimwagika ikatawanyika kati ya mikeka, ikaviringika kuelekea vidole vidogo, masikio madogo, midomo iliyokuwa wazi. Wote wawili walipiga magoti. Walitambaa katikati ya watoto wakiokota, mmoja akinyanyua mguu wa mtoto taratibu, mwingine akipapasa chini yake, na walipokutana uso kwa uso karibu na kabati, wakaendelea kugombana kwa kunong'ona.

"Kipo kweli?"

"Okota kwanza. Huo hapo, karibu na sikio lake."

"Nimeuona. Ukweli wa kiti ulimwambia mwizi, mimi ukaninyima?"

"Nilijua ni wewe!"

"Na alijibu nini?"

Wifi akaketi kitako sakafuni na misumari kiganjani, akafungua simu, akasoma. Akasoma tena. Bi Msumari akanyoosha shingo, akaona picha ya kiti cha mama yake, mkono wa kushoto umechanika, na chini yake jibu lililotoka kwenye uso wake mwenyewe: *Sawa mpendwa, asante kwa picha nzuri. Usisahau ile namba.*

"Picha nzuri," wifi akasema polepole. "Wewe ungesema picha nzuri?"

"Mimi ningekuja kuvunja mlango."

"Ndiyo maana siku ile nilikaa kutwa nikiusubiri mlango uvunjwe. Haukuvunjwa. Nikasema basi, wifi amebadilika." Wifi akaangalia kidole chake. Namba ilikuwa imekwisha kuandikwa, imebaki kutumwa tu. Akaifuta tarakimu moja moja, kisha akafuta na ule ujumbe ulioileta. "Jamani. Kitambulisho nilishamtumia. Mbele na nyuma."

"Na mimi. Mpaka jina la mama nilimpa."

"Alikupataje wewe? Wewe humpi mtu hata salamu."

Bi Msumari aliokota msumari wa mwisho, akaufuta kwenye kanga. Angeweza kusema uongo. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma, na kiti kilikuwa kipo.

"Aliniambia anakufungia wewe nje."

Wifi akaishusha simu. Mabega yakaanza kumtikisika, na Bi Msumari alidhani analia, mpaka alipoona amejiziba mdomo kwa mkono mzima kuzuia kicheko kisiamshe watoto.

"Kwa hiyo wewe umeibiwa kwa sababu unanichukia, na mimi nusura niibiwe kwa sababu umenipenda."

"Nyamaza. Kwa nini ulisema umekitupa?"

Kicheko kikakatika. "Kwa sababu mama yako nilimuuguza mimi. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimfulia. Wewe ukaingia siku ile, hukuniuliza nimekula, hukuniuliza nimelala. Ukauliza kiti. Nikasema haya, kiti utakikosa."

"Si ungenitukana tu?"

"Kila mtu na ufundi wake."

Simu ikalia kidogo mkononi mwa wifi. Wote wakainama. Uso wa Bi Msumari, nyundo begani, ulikuwa unasema: *Mpendwa wifi, bado nasubiri.*

Damu ilimpanda mpaka kwenye nywele. "Nipe. Nipe hiyo simu nimtumie sauti. Nitampa maneno atakayoyasikia mpaka kwa wajukuu zake."

"Hupati."

"Moja tu! Fupi!"

"Hupati, nimesema. Amekuingia kwa hasira yako, bado unataka kumwongezea? Ukimjibu anajua tumeamka. Acha akae anasubiri kama mjinga."

Hilo ndilo lililomshinda Bi Msumari kuliko yote ya siku ile: kumeza tusi. Wifi anasema aliliona likishuka kooni kama boga zima.

Kazi ikaanza, nayo ilifanywa kwa minong'ono na ugomvi. Wifi aliwapigia akina mama mmoja mmoja, kwa sauti yake, asiandike hata neno: ukiona ujumbe wowote umetoka kwangu, usiufuate mpaka tumesikizana, na mtoto haondoki hapa na mtu ambaye hukunitajia kwa mdomo wako. Kisha akampigia mumewe.

"Yule tapeli uliyemfukuza asubuhi ni dada yako."

Mume akazima injini. "Ile habari ya mti..."

"Ameshanisimulia."

Jioni, watoto walipochukuliwa wote, walikwenda pamoja kituo cha polisi, halafu ofisi ya laini za simu, wote na vitambulisho vyao, wakaeleza, wakaandikiwa, wakafungiwa kile cha kufungiwa. Mhudumu alimuuliza Bi Msumari atathibitishaje kwamba ni yeye. Kabla hajajibu, wifi akasema, "Msemeshe vibaya uone."

Lakini kabla ya kutoka nyumbani walipitia stoo. Wifi akavuta shuka. Kiti kilikuwa kimesimama kwenye kona, kifupi kuliko alivyokikumbuka, na mkono wake wa kushoto umechanika kweli. Bi Msumari akakipindua, akapitisha gumba kwenye misumari iliyokwenda upande.

"Kazi mbaya hii," akasema.

"Mama alikuwa anawaambia wageni hakuna kochi zuri kama hili."

"Mama alikuwa muongo."

"Ndiyo maana tulielewana."

Bi Msumari akakipandisha kichwani. "Usidhani kwa sababu kipo ndiyo nimekusamehe."

"Nani kakuomba? Nimeshasamehewa na mtu mwingine."

Laini iliporudi, mwizi alikuwa ameshatolewa, naye kaka akamrudisha dada yake kwenye kundi la ukoo. Watu walikuwa wanangoja. Ndipo sauti ikaingia, ndefu, kss, kss, na ndani yake Bi Msumari alimpitia kila mmoja kwa zamu: kaka na mti wake, binamu na ndevu zake, yule aliyeaminishwa na ua, yule aliyemjibu mwizi kwa ua. Inasemekana mama mmoja mzee wa ukoo aliishika simu ile karibu kabisa na sikio, akatokwa na machozi, akasema, "Jamani, ndiye. Ni yeye kabisa."

Na wifi naye akamwekea mtihani wake. Ukitoka ujumbe kwa Bi Msumari unaoomba kitu, uwe wa namba, uwe wa picha, uwe wa sufuria, wifi hajibu. Anampigia kwanza, na hata salamu hatoi.

"Umenisamehe?"

Kule karakana nyundo inasimama. Kss, kss.

"Bado."

"Haya, sema unataka nini."

Wifi amewaambia wote pale nyumbani: siku watakayosikia Bi Msumari amesema ndiyo, waizime simu hiyo haraka, yeye anachukua viatu na kwenda kumwangalia kwa macho yake.